Hukuwahi Kuumwa Meno

Makanyagio, Mpanda
Alhamisi alasiri

Mwanangu Kabula, mayu wangu, mama yangu kwa jina,

Umetoka hapa sasa hivi na bodaboda kwenda Kakese kumuaga shangazi yako Holo, na simu umeisahau juu ya kitanda. Nimeiona, nimecheka, nimeiacha palepale. Ukirudi utaikuta, na barua hii utaikuta mezani. Treni ni kesho, na mimi nina saa chache za kukaa na kalamu kabla nyumba haijajaa watu wa kukuaga.

Mambo ya sabuni, shuka, ndoo na namna ya kuishi na wenzako bwenini mama yako ameshakwambia, na kwa kuwa anakujua amekuandikia pia kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mfuniko wa tranka. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukuandikia habari ya meno.

Unajua meno gani. Miaka yote hii, kila tulipotoka kwenda kliniki na jirani akatuuliza safari ya wapi, nilijibu, "Kabula anaumwa jino." Mwanzilishi nilikuwa mimi. Mama yako alinyamaza, wewe ukazoea, na mwisho ukawa unajishika shavu mwenyewe tukipita dukani kwa Mama Neema. Makanyagio nzima inaamini kwamba wewe ndiye mwenye meno mabovu kuliko watoto wote wa Katavi, wewe ambaye unamenya muwa kwa meno tangu una miaka minne!

Juzi tulipokuwa tunapanga tranka nilikuona unalitoa daftari lako la kliniki, lile lenye jalada la bluu lililochakaa, unalirudisha kabatini. Nikakuuliza kulikoni. Ukasema, "Baba, kule nataka nianze upya. Wakiniuliza nitasema naumwa meno." Ukacheka. Mimi nikasema, "Haya, sawa," nikatoka nje kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyeniita. Nilikwenda kusimama nyuma ya banda la kuku, nimejaa aibu, kwa sababu uongo ule ni wangu na nimeuona ukifungashwa kwenda Morogoro pamoja na shuka zako.

Kwa hiyo kabla hujaamua kuliacha daftari hilo, naomba usome nilivyofika mimi kwenye kuudanganya mtaa mzima. Mengine unayakumbuka. Mengine ulikuwa mdogo, na mengine nilihakikisha hukuyasikia.

Ulikuwa mtoto wa kuruka tangu tumboni. Mama yako alisema hivyo, nami nilifurahi. Ulipoanza kutembea hukutembea, ulikimbia. Ukitumwa maji unarudi na kinyonga. Ukianza kufagia uwanja, ufagio tunaukuta katikati na wewe uko juu ya paa la banda unaangalia kitu. Ukiulizwa swali unajibu kabla halijaisha, na mara nyingi unajibu sawa, jambo lililowaudhi wakubwa zaidi. Shangazi zako walikaa kikao. Wakasema umebeba jina la mama yangu, na mama anadai kitu, ndiyo maana hakuachi utulie. Wakakuvisha shanga nyeupe shingoni, wakamwaga pombe kidogo mlangoni na kumwomba bibi yako apoe. Siku ya tatu shanga zimepotea, na mbuzi ameonekana amevaa zile zilizobaki. Nilicheka mpaka shangazi Holo akaninunia mwezi mzima.

Siwacheki kwa dharau. Walikuwa wanatafuta sababu, na mimi nilikuwa sitafuti kitu. Mimi nilikuwa nimeshapata matumizi yako.

Unakumbuka mpunga wa Kakese. Punje zikianza kuingia maziwa, kweleakwelea wanakuja makundi kwa makundi, na shamba lisilo na mtu wa kuamia ndege linabaki mabua. Watoto wengine tuliwapandisha dunguni asubuhi na kopo la kugonga, ikifika saa sita jua kali wamelala. Wewe hukulala hata siku moja. Uliona ndege wa kila upande kwa wakati mmoja, ulikuwa ukishuka na kupanda dungu kama sisimizi, ulipiga kombeo, uliimba, ulikimbia kwenye matuta tangu alfajiri mpaka ndege wenyewe wanakata tamaa. Wenye mashamba ya jirani walikuja kuniambia, "Baba Kabula, tuazime huyo mtoto jamani." Nami nilitembea nimetanua kifua. Nilisema kwa watu, tena kwenye msiba mmoja watu wakiwa wamekaa wengi, kwamba sina haja ya kufuga mbwa, ninaye Kabula.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, mayu, na ndilo kubwa. Kila mwaka mpunga ulipokaribia kukomaa nilikutoa shule ya hapa mjini na kukupeleka Kakese mpaka mavuno. Darasa la tatu, la nne, la tano. Nilijua darasani unachapwa kwa kutotulia, nikajiambia shule siyo fungu lako, fungu lako ni hili. Nilikiona kipaji, kikanifaa, na nikakitumia kukuondoa kwenye daftari. Baba mwingine angekuficha kwa kuwa huna faida. Mimi nilikuficha kwa kuwa ulinipa faida.

Aliyenikamata ni Mwalimu Anastazia, yule mama wa Kifipa mwenye sauti ndogo, aliyekufundisha darasa la tano. Alikuja mpaka shambani kwa bodaboda, viatu mkononi, akasimama chini ya dungu akikuangalia muda mrefu. Nikamkaribisha. Nikaanza kukusifia, kama kawaida yangu.

Akasema, "Baba Kabula, huyu mtoto kule darasani anachapwa kwa kitu kilekile mnachomsifia huku."

"Kitu gani hicho, mwalimu?"

"Kuona kila kitu kwa mara moja. Nikiandika ubaoni, yeye anaona chaki, anaona nzi, anaona nani kapita nje. Anaanza hesabu tano, hamalizi hata moja, na ukimwuliza kwa mdomo anazijua. Penseli anapoteza kila siku, mpaka nimemfungia shingoni kwa uzi. Anasimama bila kujua amesimama. Na si kwangu tu, walimu wote wanasema, na nimesikia hata kanisani ni hivyohivyo. Dada yangu ana mtoto wa namna hii. Mimi si daktari, lakini mpelekeni akaonwe."

"Aonwe wapi?"

"Kuna kliniki ya afya ya akili pale hospitali."

Nilisikia neno moja tu katika hayo yote. Nikamwuliza, "Unasema mwanangu ni kichaa?" Alitaka kueleza, na mimi nikapandisha sauti, nikamwambia arudi kwenye chaki yake. Alivaa viatu vyake palepale kwenye tope akaondoka. Mama yako aliyasikia yote akiwa kwenye jungu la maharage. Hakunisemesha mpaka kesho yake.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hatujawahi kulizungumza mimi na wewe.

Wiki ile ile nilikupa kazi tatu kwa pumzi moja: angalia ndege, angalia chungu, angalia mdogo wako Masanja. Alikuwa na miaka miwili. Kundi la ndege likashuka upande wa mashariki, ukalifuata, kama nilivyokufundisha. Masanja tukamkuta ndani ya mfereji, maji yamemfika kifuani, ameshika majani na analia. Hakupata hata mchubuko. Nilikuchapa na kamba, Kabula. Nilikuchapa nikiwa na hofu, na hofu haikuipunguzia kamba ukali. Baba yako mkubwa alikuwepo, akasema, "Samaki mkunje angali mbichi," nami nikaona nimefanya kazi ya baba.

Asubuhi iliyofuata nilikuja shambani nikakukuta umekaa chini ya dungu, Masanja mapajani mwako. Mguu wako wa kulia umefungwa kwenye nguzo kwa ile kamba ya katani ya kufungia ndama. Fundo lilikuwa lile la ndama nililokufundisha mimi, lisilofunguka kwa kuvutwa.

Nikauliza, "Mayu, nani kakufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe, baba."

"Kwa nini?"

"Miguu yangu huwa inaondoka kabla sijaiambia. Leo haitaondoka."

Hukulia. Ulinieleza kama mtu anayemweleza fundi baiskeli yake inapoharibikia. Nilipiga magoti kulifungua fundo nikashindwa, nikaikata kamba kwa panga. Kipande kilichobaki tuliendelea kufungia ndama, kwa kuwa kamba haina kosa. Nilipanda baiskeli nikaja mjini mpaka nyumbani kwa Mwalimu Anastazia. Nilimkuta anachambua mchele. Nilisema, "Mwalimu, nisamehe. Kliniki hiyo ni siku gani?" Akasogeza kigoda nikakaa, akaniletea chai kama mtu aliyekuwa ananingoja.

Siku ya kliniki ndiyo meno yalipozaliwa. Tulitoka nyumbani mimi, wewe na mama yako. Mama Neema akauliza toka dukani kwake, nami jibu likanitoka lenyewe. Tukafika. Nilivuta kofia mpaka kwenye nyusi nikakaa mwisho wa benchi, ili anayepita adhani nasubiri dirisha jingine. Yule muuguzi mnene mcheshi akatuita, akatoa fomu mbili, moja ya kwetu na moja ya kupelekwa shuleni, akasema haamini habari ya mahali pamoja, mtoto lazima ajulikane nyumbani na shuleni pia. Akaanza kuuliza. Anaanza kazi na kuiacha katikati? Anapoteza vitu vyake? Unamsemesha unaona kama hayupo? Anakatiza watu maneno? Ilianza lini, kabla hajaingia shule au baadaye?

Kwa kila swali mama yako alijibu ndiyo, na kila akijibu alikuwa ananitazama mimi. Kwenye swali la kupoteza vitu akashindwa kujizuia, akauliza, "Mtoto au baba yake?" Yule muuguzi akacheka akaweka kalamu chini. "Mzee, hebu niambie, hapa tunamwandika nani?"

Nilikasirika. Sasa naweza kukiri kwamba nilikasirika kwa kuwa nilijua. Nikiwa mdogo kule Shinyanga niliacha ng'ombe wa babu yako nikamfuata ndege wa asali porini, ng'ombe wakamaliza mahindi ya watu. Babu yako aliniita kichwa cha upepo mbele ya wazee, na jina likanishika mpaka tulipohamia huku. Niliamini. Nimeanza useremala nikaacha, nimeanza mizinga ya nyuki nikaacha, nyumba hii tunayokaa ina milango mitatu ya aina tatu na chumba kimoja hakina dari mwaka wa kumi na moja huu. Watu wanadhani nimeishiwa. Sikuishiwa, niliona kitu kingine. Maisha yangu yote nilidhani ni laana au uvivu, na pale mbele yangu mtu aliyevaa koti jeupe alikuwa ananisomea mimi, swali baada ya swali, kutoka kwenye karatasi ya mtoto.

Niliondoka na barua ya rufaa ya kwenda Mbeya, na kwenye geti nikarudia kwa mlinzi kwamba ni jino.

Mbeya unaikumbuka, kwa sababu ya baridi na yule daktari msichana aliyekaa nawe chini sakafuni mkicheza na vizibo vya chupa. Alikuangalia muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kukuangalia bila kukukemea. Kisha akatueleza. Jina la hali hii ni herufi nne, ADHD. Alisema siyo ujinga, siyo ukaidi, siyo mzimu wa bibi, na mama yako asijilaumu kwa malezi. Alisema umezaliwa nayo na mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Hapo aliniangalia kidogo, akaendelea. "Hashindwi kuangalia. Anaangalia vyote, na kuchagua kimoja ndiyo kazi kwake. Kwenye shamba la mpunga hilo ni jambo zuri. Kwenye ukurasa wa hesabu ni taabu."

Akazungumzia dawa. Alisema zipo, zinawasaidia watoto wengi, huku kwetu hazipatikani kirahisi, na zinahitaji kufuatiliwa. Mama yako alitaka kusikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikataa hata kabla hajamaliza sentensi, unajua kwa nini nakatiza watu. Usiku ule gesti mimi na mama yako tuligombana kwa kunong'ona wewe umelala katikati. Tulikubaliana tuanze na yale tunayoyaweza, turudi baada ya miezi sita. Nimekuwa nikijisifu kwa watu wachache wanaojua kwamba nilichagua njia ya busara. Haikuwa busara. Nilikuwa naogopa neno dawa ya akili kama nilivyoogopa benchi. Bahati yangu ni kwamba yale tuliyoyaweza yalisaidia kiasi.

Nayo yalikuwa mambo madogo, utayacheka. Mama yako akaacha kukutuma mambo matatu, akakutuma moja, ukirudi jingine. Mwalimu Anastazia akakuhamishia dawati la mbele, na kila kipindi kikifika katikati anakutuma ofisini kupeleka daftari ambalo nadhani halikuwa na shida ya kupelekwa. Hesabu kumi akakupa mbili, mbili, mbili. Mimi nikakuandikia kwenye mlango, kwa mkaa, mambo ishirini ya kukumbuka kila asubuhi, ukayasoma, ukaniuliza, "Baba, na wewe utayakumbuka yote haya?" Nikafuta kumi na saba. Na mpunga ulipokomaa mwaka ule nilikwenda dunguni mwenyewe. Ndege walikula robo ya shamba, nami nikajua ulikuwa unafanya kazi ya watu wangapi.

Haikunyooka, nawe unajua. Kidato cha pili ulifeli ukarudia, ukakaa siku mbili huli. Siku ya tatu ukaja ukasimama mbele yangu ukasema, "Baba, naomba nijaribu dawa. Hili ni la kwangu, naomba usinikatalie." Ulikuwa na miaka kumi na tano na ulizungumza kama mtu mzima kuliko mimi kule Mbeya. Nilichukua wiki nzima kujibu, na wiki ile nilikuibia, nisamehe. Dawa zilikusaidia darasani, zikakukondesha, daktari akapunguza, kuna miezi zikakosekana ukaenda hivyohivyo kwa kuamka mapema na kusoma ukitembea uwanjani. Ukamaliza kidato cha nne. Mwaka huu mmekubaliana na daktari upumzike dawa uone hali. Ulikwenda kikao kile peke yako, na ulirudi ukanieleza kila kitu bila kusahau hata kimoja.

Nataka nikwambie siku niliyojivuna kuliko zote, maana nadhani hujui. Si siku ya matokeo. Ni ile siku ng'ombe wa shangazi yako, yule mwenye baka jeupe, alipokwama kuzaa. Ndama alikuwa amekaa vibaya. Wanaume watano tulikuwa pale kila mtu na neno lake, mmoja anasema achinjwe. Wewe ulitusogeza. Ulilala ubavu kwenye samadi, mkono ndani mpaka begani, ukaanza kumgeuza ndama taratibu, ukisimama ng'ombe akisukuma, ukiendelea akipumzika. Tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kushuka hukuinuka. Hukunywa maji. Mbwa walipigana, mvua ikanyunya, mtoto akaanguka kwenye mkokoteni, na wewe hukugeuza hata shingo. Ndama alipotoka na kupiga chafya, baba yako mkubwa, yule wa samaki mbichi, akaninong'oneza, "Huyu si ndiye yule asiyetulia?" Nikamwambia, "Ndiye huyohuyo." Nilishindwa kusema zaidi kwa sababu nilikuwa nalia, nikasingizia moshi na hapakuwa na moto.

Ndiyo maana ulipochaguliwa chuo cha mifugo sikushangaa. Nashangaa tu Morogoro walivyobahatika.

Lakini huko kuna madarasa, mayu. Kuna majina marefu ya magonjwa ya kukariri, na mitihani ya saa tatu umekaa. Siku itafika kichwa kitajaa ndege, na itabidi umwendee mwalimu au daktari usiyemjua useme unachohitaji. Ukiwa na daftari, ataona miaka minane ya watu waliokujua. Ukiwa na habari ya meno, atakupa dawa ya meno. Siogopi kwamba utafeli. Ulishafeli na ukainuka mbele ya macho yangu. Naogopa kwamba siku hiyo utatafuta kamba ujifunge mwenyewe, peke yako, chumbani, na hakuna atakayejua unajifunga kwa nini. Na kujificha huko nimekufundisha mimi.

Nilikuwa nafikiri hayo kwa siku mbili nyuma ya banda la kuku. Leo asubuhi ulipokuwa sokoni Kashaulili na mama yako, nilivaa shati la kanisani nikaenda hospitali. Kofia niliiacha nyumbani. Nilikaa katikati ya benchi. Yule muuguzi mcheshi bado yupo, ameota mvi, akanitazama akasema, "Mzee, leo umemleta nani?" Nikasema, "Leo nimejileta." Akatoa fomu. Maswali ni yaleyale, nusu niliyajua kwa moyo.

Wakati natoka, getini nikakutana uso kwa uso na Mama Neema amebeba kikapu cha chakula cha mgonjwa. Akapaza sauti kama kawaida yake, "Baba Kabula! Meno ya mtoto tena? Maskini, na safari ndiyo kesho!"

Walikuwepo watu. Nilikuwa na jibu mdomoni, jibu lenye miaka minane. Nikalimeza. Nikasema, "Mama Neema, Kabula hajawahi kuumwa jino hata siku moja. Tulikuwa tunakuja kliniki ya akili. Ana ADHD, hatulii kichwa, amezaliwa nayo, na kasoma nayo mpaka anakwenda chuo. Nadhani kaitoa kwangu, ndiyo nimekuja kuandikishwa na mimi."

Mama Neema akakihamisha kikapu mkono huu kwenda mkono ule. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Huyu wangu wa mwisho mwalimu wake kaniita mara tatu. Nimekuwa nikisema ana minyoo. Dirisha ni lipi?"

Nilirudi naye ndani nikamwonyesha benchi.

Basi daftari lako la bluu nimelitoa kabatini. Sijalitia kwenye tranka. Kamba ile nilishaikata, siwezi kukufunga na nyingine. Liko juu ya meza, na pembeni yake kuna jingine jipya, jekundu, lenye ukurasa mmoja tu ulioandikwa. Jina lililo juu ni langu. Utakavyoamua kuhusu lako nitakubali, na kesho stesheni nitakupungia mkono kwa fahari ileile, ukiwa nalo au huna.

Ila ukilichukua, mayu, angalia usichukue jekundu kwa haraka. Nina miadi Alhamisi ijayo, na mama yako ameniandikia mlangoni kwa mkaa.

Simu yako iko juu ya kitanda.

Baba yako